Mstari Uliopinda Mlimani

Mjukuu wangu anasoma kidato cha tatu hapa Temeke. Jioni moja alinifuata barazani na daftari lake la hisabati, uso umemkunjamana. Alitakiwa kutafuta mwinamo wa mstari mnyoofu, kisha aandike mlinganyo wake, naye hakuona faida ya jambo hilo. "Babu," aliniuliza, "mistari hii itanisaidia nini?"

Nikamwambia alete atlasi.

Mstari mnyoofu hauna mahitaji mengi. Mpe mtu nukta mbili tu, naye ataujua wote, hata mahali asipopata kufika. Mwinamo ni kiasi unachopanda au kushuka kwa kila hatua moja ya kwenda mashariki. Huo ndio urahisi wake, na nadhani hapo ndipo ilipo hatari yake.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi zetu kwa nukta mbili. Ya kwanza ilikuwa pwani, kwenye mdomo wa mto Umba, kama nyuzi 39.2 mashariki na 4.7 kusini. Ya pili ilikuwa ufukwe wa mashariki wa Ziwa Victoria, kama nyuzi 34 mashariki na 1 kusini. Kusini tuliiandika kwa alama ya kutoa. Kutoka ziwani hadi pwani unakwenda mashariki nyuzi 5.2 na unashuka nyuzi 3.7. Tukagawa, tukapata mwinamo wa −0.7, na mlinganyo y = −0.7x + 22.8.

"Sasa weka 37.3 mahali pa x," nikamwambia. Akapata −3.3. Tukatazama atlasi: mstari wetu ulipita jirani kabisa na mji wa Moshi, na kilele cha Kibo kikabaki kaskazini, upande wa Kenya.

"Mbona Kibo ni chetu?" akauliza kwa hamaki.

Ni kwa sababu mpaka wenyewe haukunyooka. Unatoka pwani hadi Ziwa Jipe, unauzunguka mlima kwa kaskazini, ndipo unaponyooka tena mpaka Ziwa Victoria. Watu husimulia kwamba Malkia Victoria alimzawadia mlima mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Pili. Ni hadithi tamu, lakini Wilhelm huyo alianza kutawala mwaka 1888, mpaka ukiwa umekwisha kukubaliwa. Zawadi haikuwapo. Mwaka 1885 Mjerumani Karl Jühlke alikuwa amekwisha kutiliana mkataba na Mangi Rindi wa Moshi, na Ujerumani haikutaka kuuachia mlima. Kwa ajili ya Wajerumani mstari ulipinda. Kwa ajili ya Wamasai, ambao malisho yao yalikuwa pande zote mbili, haukupinda hata kidogo.

Mkataba wa mwaka 1890 uliuendeleza mpaka ng'ambo ya ziwa, ukifuata nyuzi 1 kusini kuelekea magharibi. Mjukuu wangu akakokotoa mwinamo wake, akapata sifuri. "Sifuri, Babu. Kwa hiyo hapa hakuna kitu."

Nilinyamaza kidogo. Mwaka 1978 Idi Amin aliukataa mstari huo. Alivamia nchi iliyo kati yake na mto Kagera, akatangaza kwamba ni ya Uganda. Kaka yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa vijana walioondoka hapa kwenda kuikomboa. Hakurudi. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila redio ilipotaja Kagera aliacha alichokuwa akifanya.

"Sifuri maana yake mstari haupandi wala haushuki," nikamwambia. "Si kwamba haupo."

Akaandika jibu lake. Kisha, bila kuambiwa, akachukua rula na kuuchora mstari ule polepole, kutoka ziwani kwenda magharibi. Akaniuliza jina la kaka yangu. Nikamtajia.