Al-Hijr: Adabu za Msafiri Katika Ardhi ya Thamud

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Ama baada ya hayo. Tangu Saudi Arabia ilipoanza kutoa viza za utalii mwaka 2019, wapo Waislamu wanaomaliza ziara ya Madina kisha wakaendelea kaskazini hadi Al-Ula, kuiona Al-Hijr, ambayo wengi huiita Madain Swaleh. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Baadhi ya ndugu zetu husema kufika huko ni haramu moja kwa moja. Wengine huenda kama waendao matembezi ya ufukweni. Ili tupate msimamo wa sawa, turejee kwenye historia.

Mwaka wa 9 Hijria (630), Mtume (s.a.w.) akielekea Tabuk, jeshi lilipita Al-Hijr. Katika Hadithi ya Ibn Umar (r.a.) waliyoipokea Imamu Bukhari na Imamu Muslim, watu waliteka maji ya visima vya hapo na kukandia unga. Mtume akaamrisha maji yamwagwe, unga uliokandwa walishwe ngamia, na wateke katika kisima alichokuwa akinywa ngamia jike wa Nabii Swaleh (a.s.). Akawakataza pia kuingia katika makazi ya waliodhulumu nafsi zao isipokuwa wakiwa wenye kulia, wasije wakasibiwa na yaliyowasibu wale. Kisha akajifunika kichwa na kuharakisha mwendo mpaka akalivuka bonde.

Tuzingatie kwamba katazo hili limekuja na sharti. Hakusema pasiingiwe kabisa. Ameeleza hali ya moyo anayotakiwa kuwa nayo mwenye kuingia. Na kuhusu maji, Imamu Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa maji ya visima vile si najisi, lakini hayatumiwi ila kwa dharura, isipokuwa ya kisima cha ngamia.

Umma uliyahifadhi mafunzo haya kwa vitendo. Ibn Battuta, ambaye mwaka 1331 alifika Kilwa katika pwani yetu, alikuwa amepita Al-Hijr mwaka 1326 pamoja na msafara wa Hija kutoka Damascus. Ameandika kwamba mahujaji hufika pale na kiu kali, na hakuna anayegusa maji yale, kwa kumfuata Mtume (s.a.w.). Akataja pia mifupa iliyooza ndani ya majumba yaliyochongwa katika miamba.

Mifupa hiyo inatupeleka kwenye shubha inayowasumbua baadhi ya wanafunzi. Wataalamu wa mambo ya kale wamehesabu makaburi makubwa 111 katika miamba ile, 94 kati yake yakiwa na mapambo. Maandishi yaliyochongwa juu ya milango yanaonyesha kuwa ni ya Wanabati, wa karne ya 1 Miladia. Thamud nao wametajwa katika maandishi ya Sargon II, mfalme wa Ashuru, karne ya 8 kabla ya Miladia. Je, hili linapinga Qur'ani? La hasha. Qur'ani imesimulia kuwa watu wa Al-Hijr walichonga nyumba milimani. Haikusema kwamba kila mlango anaouona mtalii leo ni kazi ya mikono yao. Bonde moja hukaliwa na kaumu baada ya kaumu. Na hukumu ya Mtume (s.a.w.) imefungamana na ardhi ile, haikufungamana na umri wa mapambo.

Kwa hiyo, ndugu msafiri, ukipita huko, nia yako iwe kuzingatia. Swali kabla hujaingia eneo hilo, kwani Imamu Bukhari ameiweka Hadithi hii katika mlango wa kuswali mahali palipoteremka adhabu, akataja humo kuwa Ali (r.a.) alichukia kuswali penye magofu ya Babil. Beba maji yako. Acha kicheko, muziki na kujipamba kwa ajili ya picha. Usikae zaidi ya haja yako. Na moyo ukiwa mgumu, usioguswa na lolote, basi kutoingia ndiyo salama yako.

Wallahu a'alam.