Sayansi ya Ubongo: Njia Inayoanzia Kidato cha Tatu

Na Mwandishi Wetu, Chato

Mwanafunzi wa sekondari katika mji mdogo wa Buseresere, wilayani Chato, anaposema kuwa anataka kusomea ubongo, mara nyingi hupewa jibu moja kati ya mawili: akasome udaktari, au asubiri nafasi ya kwenda nje ya nchi. Majibu hayo yana ukweli ndani yake, lakini hayamwelezi masomo ya kuyashika leo akiwa bado darasani. Makala haya yanaeleza njia zilizopo, sifa zinazotakiwa na mahali ambapo wanafunzi wengi hupoteza nafasi hiyo bila kujua.

Sayansi ya ubongo na mfumo wa fahamu huchunguza namna ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu vinavyofanya kazi, vinavyokua na vinavyougua. Kwa ukanda wa dhahabu wa Geita, elimu hii si jambo la mbali. Wachimbaji wadogo wengi hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki ipae kama mvuke na dhahabu ibaki. Mvuke huo huvutwa kwa pumzi, huingia kwenye damu na kufika katika ubongo. Mtu aliyeuvuta kwa muda mrefu huanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi, kusahau na kuwa mwepesi wa hasira. Dalili hizo ni rahisi kuzihesabu kuwa za ulevi au uchovu wa kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Umoja wa Mataifa kuhusu zebaki ulipima afya za wachimbaji na wakazi wa Rwamagasa, mkoani Geita, na dalili za kuathirika kwa mfumo wa fahamu zilionekana. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Kuridhia mkataba ni hatua moja; kupata wataalamu wa kumpima mchimbaji na kumweleza kinachomsibu ni hatua nyingine, na inahitaji vijana watakaosoma.

Katika nchi kama Marekani, elimu hii hufundishwa kama shahada ya kwanza inayojitegemea. Chuo cha Amherst kilianzisha programu ya namna hiyo mwaka 1973. Katika vyuo vikuu vya umma vya Tanzania utaratibu ni tofauti. Mwanafunzi hupitia kwanza shahada pana, hasa Shahada ya Udaktari wa Binadamu (MD), na jina la ubongo huja baadaye katika ubobezi. Shahada hiyo huchukua miaka 5, ikifuatiwa na mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Anatomia na fiziolojia ya mfumo wa fahamu hufundishwa katika miaka ya mwanzo, na magonjwa ya akili katika miaka ya kuwahudumia wagonjwa. Hutolewa katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Chuo Kikuu cha Dodoma na vyuo vingine. Kwa mkazi wa Buseresere, chuo kilicho karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi (CUHAS) kilichopo Bugando, Mwanza, safari ambayo tangu mwaka 2025 haisubiri tena kivuko, kwa kuwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi limefunguliwa.

Sifa za kujiunga huchapishwa kila mwaka katika mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa shahada ya udaktari, mwombaji wa kidato cha sita anatakiwa kuwa na ufaulu wa masomo matatu, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, wenye jumla ya alama zisizopungua 6, na asiwe chini ya D katika somo lolote kati ya hayo. Alama huhesabiwa hivi: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kima cha chini cha kuruhusiwa kuomba. Nafasi ni chache na waombaji ni wengi, hivyo wanaochaguliwa katika vyuo vikubwa huwa na alama za juu kuliko hizo.

Hapa ndipo kosa hutokea. Mwanafunzi anayependa Biolojia lakini anaiogopa Fizikia huchagua tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia (CBG), akiamini kuwa amebaki katika sayansi. Ni kweli amebaki, na shahada kadhaa nzuri ziko wazi kwake, lakini mlango wa udaktari umefungwa kwa kukosa somo moja. Anayelenga ubongo achague Fizikia, Kemia na Biolojia (PCB), na somo la hisabati linaloambatana na tahasusi hiyo asilichukulie kama nyongeza ya kupita tu, kwa sababu utafiti wa ubongo unategemea takwimu na vipimo vya umeme wa seli.

Kosa la mapema zaidi ndilo gumu kurekebisha. Kwa utaratibu uliozoeleka, mwanafunzi anapoingia kidato cha tatu huruhusiwa kuacha Fizikia na Kemia. Wengi huziacha baada ya kuona matokeo ya kidato cha pili, wakati mwingine katika shule ambayo mwalimu wa Fizikia ni mmoja au maabara haijakamilika. Uamuzi huo hufanywa na kijana wa miaka 15 au 16, mara nyingi mzazi akiwa machimboni au sokoni Katoro, na fomu hurudi shuleni bila mtu mzima kuuliza swali. Mwalimu wa taaluma na mwalimu wa ushauri na unasihi wanapaswa kuufahamu uzito wake na kumwita mzazi kabla jina halijaondolewa kwenye orodha ya somo.

Ipo njia ya pili, ndefu kidogo lakini ya uhakika kwa asiyepata kidato cha sita. Ni Stashahada ya Utabibu. Mwenye stashahada hiyo kwa wastani wa B, au GPA isiyopungua 3.0, anaweza kuomba shahada ya udaktari, ilimradi awe na angalau D katika Hisabati, Kemia, Biolojia, Fizikia na Kiingereza kwenye cheti cha kidato cha nne. Kama inavyoonekana, Fizikia inadaiwa hata huku.

Baada ya udaktari, daktari anaweza kubobea katika magonjwa ya akili au upasuaji wa ubongo. MUHAS hushirikiana na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyo jirani nayo. Asiyependa kutibu anaweza kuingia katika utafiti kupitia shahada za biolojia, au saikolojia kwa wanaovutiwa na tabia na kumbukumbu.

Anayepata nafasi ya kusoma nje ya nchi anatakiwa kupata cheti cha kutokuwa na pingamizi kutoka TCU kabla ya kuondoka. Aelewe pia kuwa shahada ya kwanza ya sayansi ya ubongo kutoka nje haimfanyi kuwa daktari; usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika hutolewa kwa aliyehitimu udaktari. Mhitimu wa shahada hiyo ni mwanasayansi, na kazi yake huwa maabara na katika utafiti.

Maombi ya shahada hupelekwa moja kwa moja chuoni. Aliyechaguliwa na zaidi ya chuo kimoja huthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu ya siri. Kila mwaka TCU huandaa maonesho ya vyuo vikuu jijini Dar es Salaam, ambako mwanafunzi huweza kumuuliza mhadhiri ana kwa ana. Mwombaji wa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) anatakiwa kuwa na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Familia zilizohamia Buseresere kufuata machimbo, ambazo watoto wao walizaliwa mikoa mingine, zinashauriwa kuanza kufuatilia cheti hicho mwanafunzi akiwa bado kidato cha tano.