Amana Bila Mapatano: Vyombo Vinavyoachwa Baada ya Kuachana katika Historia ya Sheria ya Miji ya Katanga

1. Swali lenyewe

Mume na mke wanapoachana, au watu wawili walioishi pamoja bila ndoa wanapotengana, kwa kawaida mmoja hutoka na mwingine hubaki. Anayetoka hachukui kila kitu. Cherehani, masufuria, godoro, vyeti vya shule na nguo za watoto husalia nyumbani. Miezi ikipita bila mtu kuja kuvichukua, swali huzuka: vitu hivi ni vya nani, na vikipotea au kuharibika, nani atawajibika?

Jibu linalosikika mitaani ni jepesi: aliyeondoka amevitupa, na mwenye nyumba ndiye mwenye vilivyomo. Sheria ya Kongo haijapata kulikubali jibu hilo. Hata hivyo, historia ya miji ya migodi inaeleza kwa nini lilipata nguvu, na kwa nini waliolipa gharama yake zaidi ni wanawake.

2. Sheria mbili katika mji mmoja

Kanuni ya mapatano na wajibu iliwekwa na Dola Huru la Kongo kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Vifungu vyake vingi vilitoka katika sheria ya Ubelgiji, ambayo nayo ilizaliwa na kanuni ya Wafaransa ya mwaka 1804. Humo mna sehemu inayohusu amana. Anayepokea kitu cha mwenzake ili akitunze hana budi kukitunza kama atunzavyo vyake mwenyewe. Haruhusiwi kukitumia bila idhini. Na lazima arudishe kitu kile kile, si mfano wake.

Lakini kwa muda mrefu kanuni hiyo ilikuwa ya Wazungu na ya Waafrika wachache walioandikishwa chini ya sheria yao. Wengine wote walihukumiwa kwa mila, na dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926 ilipanga mabaraza ya wenyeji kwa kazi hiyo. Dekreti ya mwaka 1931 juu ya vituo vilivyo nje ya mila iliwapa wakaaji wa miji utawala wao na baraza lao. Kuanzia mwaka 1933, jarida la sheria lililochapishwa Elisabethville lilikusanya hukumu za mabaraza hayo, na magomvi ya ndoa na ya mali yanaonekana humo mara nyingi.

Kwa jumla, mila hizo zilitenganisha mali ya mume na mali ya mke. Kijijini kanuni hiyo ilijitetea yenyewe. Mke aliporudi kwao, ndugu zake waliweza kufuata vyombo vyake, na wazee walioshuhudia mahari waliweza kushuhudia pia chungu ni cha nani na jembe ni la nani. Mjini mashahidi hao walikuwa mbali, pengine safari ya siku nyingi kwa reli.

3. Nyumba ya kampuni

Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kuajiri wanaume kwa mikataba mifupi, wengi wao bila wake. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadili siasa yake: mikataba ya miaka mitatu ilienea, na wafanyakazi wakahimizwa kuja na wake zao ili wakae kambini kwa muda mrefu. Nyumba na posho ya chakula vilifuata kazi ya mume. Ndoa ilipovunjika, mke alipoteza mume na paa siku moja.

Katika nyumba hiyo, vilivyonunuliwa kwa mshahara wa mume vilikaa bega kwa bega na vilivyopatikana kwa biashara ndogo ya mke, chini ya jina moja katika daftari la kampuni. Hapo ndipo pa kutafuta asili ya jibu la mitaani. Ufunguo wa nyumba ulichukuliwa kuwa ushahidi wa mali, ingawa nyumba yenyewe haikuwa ya mume wala ya mke.

4. Kanuni ya Jamaa na walio nje yake

Sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, yaani Kanuni ya Jamaa, ilikusudia kuondoa mchafuko huo. Iliweka mifumo mitatu ya mali katika ndoa: mali kutengana, mali zote kuwa shirika, na shirika la vile tu vilivyochumwa pamoja. Mfumo huu wa tatu ndio unaotumika ikiwa wanandoa hawakuchagua. Lakini kanuni hiyo hiyo ilimdhania mume kuwa msimamizi wa mali, na ilimtaka mke apate idhini yake kwa matendo mengi ya kisheria. Masharti hayo yaliondolewa na marekebisho ya tarehe 15 Julai 2016.

Hata hivyo, Kanuni ya Jamaa huwalinda waliooana. Wanaoishi pamoja bila mahari wala maandikisho, hali ambayo Kinshasa huitwa kwa Kilingala *yaka tofanda*, hawana mfumo wa mali unaowahusu. Wakiachana, hakuna shirika la kugawanywa.

Ni hapa ambapo kanuni ya zamani ya mwaka 1888, ambayo sasa ni ya Wakongomani wote, inakuwa kimbilio. Yenyewe haiulizi ndoa ilikuwa ya namna gani. Inauliza kitu ni cha nani na kiko mikononi mwa nani. Ikiwa anayeondoka alisema, “Nitunzie hivi,” na mwenzake akakubali, hiyo ni amana. Ikiwa aliondoka bila neno, kanuni ina sehemu nyingine, ile ya mtu anayesimamia shughuli za mwenzake bila kuagizwa: naye hudaiwa uangalifu wa baba mwema wa nyumba. Anayeviuza au kuvichoma moto kwa hasira hulipa hasara kwa kosa lake. Aliyekabidhiwa amana kisha akaitapanya aweza hata kushtakiwa kwa kuvunja uaminifu, chini ya kanuni ya makosa ya mwaka 1940.

Mtunzaji naye ana haki zake. Aweza kudai gharama alizotumia kuhifadhi vitu, na kuvizuia vilivyo amana hadi alipwe. Vikipotea kwa nguvu isiyozuilika, bila kosa lake, hawajibiki. Kanuni haikutaja siku ambazo zikipita vitu huwa vyake. Njia salama ni kuandika orodha mbele ya mashahidi, kumwarifu mwenye vitu, na kumpa muda wa kutosha.

5. Kuondoka si kutupa

Miaka ya 1990 ilizitia kanuni hizi katika jaribio kali. Mwezi Oktoba 1991 uporaji ulifika Lubumbashi. Kisha, kuanzia mwaka 1992, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na kwingineko. Maelfu kwa maelfu walingoja treni katika vituo, na wengine walifia huko. Ndoa za mchanganyiko zilivunjwa bila baraza wala talaka. Aliyepanda treni na furushi moja aliacha nyuma maisha mazima ya vyombo.

Katika sheria, kitu huwa kimetupwa pale tu mwenyewe anapokusudia kukiacha kabisa. Anayekimbia hakusudii hivyo. Aliyebaki na kitanda au cherehani alibaki nacho kwa niaba ya mwenzake, na anayeshika kwa niaba ya mwingine hageuki kuwa mwenye mali kwa kupita kwa muda peke yake. Hata hivyo, kanuni huyawekea madai kwa jumla kikomo cha miaka 15, na kwa wengi wa waliofukuzwa wakati ule kikomo hicho kimekwisha kupita.

6. Kumalizia

Udhaifu mkubwa wa kanuni ya amana ni ushahidi. Kwa vitu vyenye thamani inadai maandishi, isipokuwa pale ambapo haikuwezekana kuyapata. Na watu wanaopendana hawaandikiani risiti. Kwa hiyo, mahakama ya amani hulazimika kutegemea majirani, kama vile baraza la kijiji lilivyotegemea wazee wa mahari.

Neno lenyewe lina la kufundisha. Katika maduka ya Lubumbashi, *depo*, lililotokana na Kifaransa, ni ghala la bidhaa tu. *Amana* limetoka katika Kiarabu, nalo ni jamaa ya *amini* na *imani*: lataja kitu kilichowekwa, na papo hapo lataja uaminifu wa anayekishika. Uaminifu huo haudai kwamba wawili hao waendelee kupendana. Unadai tu kwamba aliyebaki na ufunguo asiuhesabu kuwa hati ya mali.