Sisimizi wa manjano: Mdudu mdogo aliyeangamiza mamilioni ya kaa kisiwani

Takriban kilomita 350 kusini mwa Java, katika Bahari ya Hindi, kuna kisiwa cha Christmas, milki ya Australia yenye ukubwa wa kilomita 135 mraba. Mtawala wa msitu wa kisiwa hicho tangu zamani ni kaa mwekundu, ambaye huishi nchi kavu na kuteremka baharini kwa mamilioni kila msimu wa mvua unapoanza, ili kuzaana. Kiumbe aliyekuja kumnyang'anya kaa huyo makao yake ni sisimizi asiyezidi milimita tano kwa urefu.

Wataalamu humwita Anoplolepis gracilipes, na maelezo yake ya kwanza ya kisayansi yaliandikwa mwaka 1857. Sehemu ya pili ya jina hilo humaanisha mwenye miguu myembamba, nayo inamfaa kabisa. Mwili wake ni mwembamba, wa rangi ya manjano inayoelekea kahawia, na tumbo lake huwa jeusi kidogo kuliko kifua. Miguu ni mirefu mno kwa mdudu wa kimo hicho. Vipapasio vina pingili 11, na pingili ya kwanza hukipita kichwa chenyewe kwa urefu. Macho ni makubwa.

Kwa Kiingereza amepachikwa jina la kichaa, kwa sababu akishtuliwa hukimbia ovyo huku na huko. Jina hilo linamwonea, kwani asipobughudhiwa hufuata njia yake kwa utaratibu kama sisimizi wengine. Hana mwiba wa kudunga. Silaha yake ni asidi ya fomiki, ambayo huirusha kutoka ncha ya tumbo.

Hata uzazi wake ni wa ajabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Science ulionyesha kwamba kila dume ana chembe za nasaba mbili tofauti ndani ya mwili mmoja. Yai na mbegu ya kiume hukutana, lakini viini vyake haviungani. Kila kimoja hugawanyika peke yake.

Makao anayoyapenda ni nyanda za chini za nchi za joto zenye unyevu. Hachagui sana mahali pa kukaa: chini ya majani makavu, ndani ya magogo yaliyooza, kwenye mizizi ya miti, katika mianzi, hata juu ya minazi. Amesambaa kwa meli na shehena hadi visiwa vingi vya Hindi na Pasifiki. Wengi humhesabu kuwa mzaliwa wa Asia, ingawa karibu jamaa zake wote wa jenasi hiyo ni wa Afrika. Wenye minazi wa Unguja wana historia naye pia. Uchunguzi uliofanywa huko miaka ya 1950 ulionyesha kwamba huwafukuza majimoto, ambao huilinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa.

Katika kisiwa cha Christmas aliingia kati ya mwaka 1915 na 1934, enzi ambazo meli zilikuwa zikifuata madini ya fosfeti. Kwa zaidi ya nusu karne alikaa kimya. Kisha mwaka 1989 likagunduliwa kundi kubwa la kwanza, ambamo viota vingi vyenye malkia wengi huishi kama ukoo mmoja, bila kupigana. Kufikia mwaka 2002 makundi ya aina hiyo yalikuwa yamefunika kiasi cha hekta 2,500, karibu robo ya msitu wote. Mahali pengine walihesabiwa sisimizi zaidi ya 2,000 katika mita moja ya mraba.

Kaa anayekanyaga katikati ya jeshi kama hilo hana pa kukimbilia. Asidi humwingia machoni na kwenye viungo, akapofuka, akashindwa kutembea, na kufa katika muda wa siku moja au mbili. Mashimo yake hugeuka viota vya adui. Inakadiriwa kwamba waliokufa kwa njia hii ni kati ya milioni 10 na 15. Na hasara haikuishia palipo na sisimizi: kaa waliotoka misitu isiyovamiwa waliuawa njiani wakielekea baharini, na misitu yao ikabaki tupu.

Pengo la kaa lilionekana upesi. Yeye ndiye aliyekuwa akila miche na kusafisha majani yaliyoanguka, hivyo alipotoweka sakafu ya msitu ilisongwa na mimea michanga. Konokono mkubwa, mwenye asili ya Afrika Mashariki, ambaye awali alizuiwa na kaa asiingie ndani ya msitu, akapata mlango.

Juu mitini kulikuwa na ushirika mwingine. Wadudu gamba hufyonza utomvu na kutoa majimaji matamu, na hayo ndiyo chakula kinachowanenepesha sisimizi. Nao sisimizi huwatunza wadudu hao, wakaongezeka pamoja. Majani yakafunikwa na kuvu nyeusi, na baadhi ya miti ikakauka.

Mwaka 2002 helikopta zilimwaga chambo chenye sumu ya fipronili juu ya msitu, na kazi hiyo ikarudiwa mwaka 2009 na 2012. Makundi yalipungua sana, lakini kila mara yalichipuka upya. Sumu yenyewe huwadhuru kaa pia, hivyo iliwalazimu wahifadhi kuweka vyakula vingine pembeni ili kuwavuta kaa wa minazi wasiile.

Ndipo wakageukia kwenye shina la tatizo, yaani chakula. Desemba 2016 waliachilia nyigu mdogo wa milimita mbili kutoka Malaysia, ambaye hutaga mayai yake ndani ya mdudu gamba mmoja mahususi na kumuua. Nyigu huyo hamgusi sisimizi hata kidogo. Humpunguzia tu karamu. Aliachiliwa baada ya miaka kadhaa ya majaribio ya kuhakikisha kwamba yeye naye hatageuka mvamizi mwingine.