Habari za Santuri za Magendo

Mwezi wa Mei mwaka 1941 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Columbia, jina lake Jerry Newman, alikuwa akichukua mashine yake ya kukatia santuri na kwenda nayo usiku katika klabu ya Minton's Playhouse, mtaa wa Harlem mjini New York, ili awanase wanamuziki wa jazi waliokutana hapo baada ya kazi zao za mshahara kwisha, saa ambazo mpigaji hupiga kwa raha ya nafsi yake na kwa kushindana na wenziwe. Miongoni mwao alikuwamo Charlie Christian, mpiga gitaa la umeme wa bendi ya Benny Goodman, ambaye katika santuri za kampuni aghalabu alipewa nafasi fupi ya kupiga peke yake, kwa kuwa uso mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua dakika 3 na kidogo tu. Bali katika santuri za Newman, ijapokuwa nyingine zaanza katikati ya wimbo, twamsikia akizua fikra baada ya fikra pasi na mtu wa kumkatiza. Mwezi wa Machi mwaka uliofuata Christian alifariki kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 25, na lau si mwanafunzi yule, ambaye hakutumwa na kampuni yoyote, upande huo wa ustadi wake ungalizikwa pamoja naye.

Naitanguliza habari hii kwa kuwa wale walionasa kwa siri wapiga gitaa wa roki miaka 30 baadaye, ambao wenye kampuni waliwaita wezi, walikuwa wakiifuata njia ileile na kwa sababu ileile. Mpiga gitaa wa fani hii haurudii wimbo kama alivyoupiga jana. Mathalan wimbo wa bendi ya Led Zeppelin uitwao "Dazed and Confused", ambao katika santuri yao ya mwaka 1969 haufiki dakika 7, jukwaani uliweza kupita nusu saa, mpiga gitaa wao Jimmy Page akilikwaruza gitaa lake kwa upinde wa fidla, akiuacha wimbo na kuurudia apendapo. Kampuni iliuza ule mfupi, na ule mrefu wakabaki nao waliokuwamo ukumbini, kila mtu kwa kadiri ya kumbukumbu yake.

Biashara ya santuri za magendo yahesabiwa kuanza katika majira ya joto ya mwaka 1969 mjini Los Angeles, ilipotokea "Great White Wonder", santuri ya nyimbo za Bob Dylan zisizopata kuuzwa, ndani ya jalada jeupe lisilochapwa kitu. Lakini iliyofungua mlango kwa wapenzi wa gitaa ni ile ya bendi ya Rolling Stones, iliyonaswa mjini Oakland tarehe 9 Novemba mwaka huohuo na mtu aliyeketi katikati ya hadhira na kinasa sauti cha Uher cha kubeba mkononi na kipaza sauti kirefu cha Sennheiser, kile kinachoelekezwa mahali pamoja na kuacha makelele ya pembeni. Santuri ile, "Live'r Than You'll Ever Be", ilisifiwa hata katika magazeti ya muziki, na mwaka 1970 kampuni ya Rolling Stones ikatoa santuri yao halali ya jukwaani, wengi wakiamini kwamba ile ya magendo ndiyo iliyowaharakisha. Sheria ya shirikisho ya Marekani haikulinda santuri mpaka tarehe 15 Februari 1972, na wachuuzi waliitumia nafasi hiyo maridhawa, wakiuza majalada yaliyogongwa jina kwa muhuri wa mpira.

Wenye haki walighadhibika, wala siwalaumu, kwa maana mtu akitoa jasho jukwaani na mwingine akachukua fedha, hapana insafu hapo. Peter Grant, meneja wa Led Zeppelin, pande la mtu, alikuwa akiwasaka wanasaji mwenyewe. Na mwaka 1971 mjini Vancouver alivunja mashine iliyoonekana ukumbini, kumbe ilikuwa ya maofisa wa mji waliokuja kupima ukubwa wa makelele.

Katika wote waliofanya kazi hii, nimstahiye zaidi ni Mike Millard wa Los Angeles. Kinasa sauti chake, Nakamichi 550, kilikuwa kizito na kikubwa, hakifichiki ndani ya koti. Kwa hiyo yeye, ambaye miguu yake ilikuwa mizima, aliingia ukumbini akisukumwa na rafiki zake katika kiti cha magurudumu, na mashine imefichwa chini ya kikalio. Tarehe 21 Juni 1977, usiku wa kwanza katika sita ambazo Led Zeppelin walipiga katika ukumbi wa Forum, alinasa tamasha zima kwa maikrofoni zake za AKG, na mpaka leo mwenye kuisikia kanda hiyo hutambua gitaa liko upande gani wa jukwaa. Millard hakuwa mchuuzi. Nakala alizowapa rafiki zake alizitia alama ndogo za siri, ili wachuuzi wakizichapisha ajue nani aliyemsaliti, nao walizichapisha vivyo hivyo. Alifariki mwaka 1994.

Kati ya mtu huyu na mwenye kiwanda cha santuri za magendo pana masafa marefu, na wakusanyaji waaminifu waliyajua. Kaida yao ilikuwa kubadilishana kanda kwa kanda, na asiye na kitu cha kutoa hupeleka kanda tupu na gharama za posta. Msomaji wa Mombasa au Lamu hatastaajabia jambo hili, maana kanda za taarabu za harusini zilipita mkono kwa mkono vivyo hivyo. Kila kurudufu kuliongeza mvumo, na kwa sababu hiyo mkusanyaji huuliza kwanza nakala ni kizazi cha ngapi tangu kanda ya asili. Halafu husikiliza mwendo: betri zikichoka ukumbini, kinasa sauti hupunguza kasi, na kanda hiyo ikipigwa baadaye katika mashine yenye mwendo kamili, gitaa hupanda kuliko lilivyopigwa, kwa hiyo humlazimu aushike wimbo anaoujua ufunguo wake na kurekebisha mwendo mpaka nyuzi zikubaliane.

Wanamuziki wenyewe hawakuwa na kauli moja. Grateful Dead, bendi ya Jerry Garcia, mwaka 1984 waliwatengea wanasaji sehemu yao maalumu ukumbini. Frank Zappa, naye mpiga gitaa hodari asiyependa kuibiwa, mwaka 1991 alizitwaa santuri za wachuuzi, akaziuza kihalali na majalada yake yaleyale, asiwalipe kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 diski nyingi za magendo zilitoka Italia, ambako sheria ilikuwa na mianya, mpaka mwaka 1994 Marekani ilipotunga sheria ya kuifanya jinai biashara ya matamasha yaliyonaswa bila ya idhini.

Sheria hiyo naiona ya haki kwa mchuuzi, ila kwa hazina yenyewe haikutosha, kwa kuwa kanda huharibika zikiwa mikononi mwa mwizi na mwaminifu sawasawa. Gundi ya kanda nyingi za miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu ikanata kichwani mwa mashine, hata humbidi fundi aziweke saa kadhaa katika joto la nyuzi 50 na kitu kabla ya kuthubutu kuzipiga, na pengine hazitastahimili kupigwa tena. Wakati huohuo wenye kanda wanakufa, na warithi hawajui kilichomo sandukuni. Kanda za Millard zilidhaniwa zimepotea kwa miaka mingi baada ya kifo chake, kisha baadhi za asili zikaonekana. Na mwaka 2025 bendi ya Pink Floyd walipoadhimisha miaka 50 ya santuri yao "Wish You Were Here", tamasha waliloingiza humo, lenye gitaa la mwenzao David Gilmour usiku wa tarehe 26 Aprili 1975 mjini Los Angeles, lilikuwa lile alilolinasa Millard ukumbini, limesafishwa na fundi wa sauti Steven Wilson, na jina la mnasaji likatajwa waziwazi.