Haki ya Kutetewa: Shauri la Gideon na Misingi ya Sheria ya Jinai katika Marekani

Wahenga wa Kiswahili wameacha methali mbili juu ya mtu dhaifu anaposimama mbele ya wenye nguvu. Ya kwanza yasema kuwa mnyonge hana haki. Ya pili yaamuru kwamba mnyonge anyongwe, lakini haki yake apewe. Methali hizi hazipatani, wala hapana taifa lenye mahakama ambalo halikupata kuyumba baina yake. Katika historia ya Marekani ni mashauri machache yanayoonyesha kuyumba huko waziwazi kama shauri la Clarence Earl Gideon, lililoanza mwaka wa 1961 katika mji mdogo wa Florida na kumalizika mwaka wa 1963. Mwenye kulifuata shauri hilo hatua kwa hatua hupata pia kuijua misingi ya utaratibu wa jinai wa nchi ile.

Jambo la kwanza la kukumbuka ni kwamba Marekani haina utaratibu mmoja wa jinai. Kila jimbo kati ya majimbo 50 lina sheria zake, polisi wake, mahakama zake na magereza yake. Na juu ya hayo iko Serikali ya Shirikisho yenye sheria na mahakama zake. Makosa mengi ya kila siku, kama vile wizi, kupigana na kuua, huhukumiwa na majimbo. Katika sehemu nyingi za nchi waendesha mashtaka wa wilaya huchaguliwa kwa kura, jambo ambalo ni geni kwa mataifa mengi mengine.

Jambo la pili ni kuwa shauri la jinai huendeshwa kama mashindano ya pande mbili. Upande mmoja ni serikali, inayoshtaki. Upande wa pili ni mshtakiwa. Hakimu hakai ili atafute ukweli mwenyewe, bali hulinda taratibu za mashindano. Mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka serikali ithibitishe kosa lake pasipo shaka ya maana, wala hawezi kulazimishwa kujishuhudia. Utaratibu wa namna hii hutegemea sana kwamba pande zote mbili zinajua kushindana. Ikiwa upande mmoja una wakili aliyesoma sheria miaka mingi, na upande wa pili una mtu asiyejua hata wakati wa kusimama na kuuliza, basi mashindano hayo ni jina tu.

Jambo la tatu ni juri. Neno hili limeingia katika Kiswahili kwa sura yake ya kigeni, na si ajabu, kwa kuwa kitu chenyewe hakikuota mizizi katika Afrika Mashariki. Mahakama za wakati wa ukoloni zilikuwa na wazee wa baraza, waliokaa pamoja na jaji na kumpa maoni yao, lakini maoni hayo hayakumfunga. Katika Kenya ya siku hizo juri iliwekwa kwa washtakiwa wa Kizungu peke yao. Kumwita mjumbe wa juri ya Marekani mzee wa baraza ni kumpoteza msomaji, maana wajumbe wa juri ni raia wa kawaida, nao ndio wenye kuamua kama mshtakiwa ana hatia au hana. Hakimu huwaeleza sheria, na wakisema kuwa mshtakiwa hana hatia, yeye hana uwezo wa kuligeuza neno lao. Desturi ya kale ni watu 12; Florida, kwa makosa yasiyo ya adhabu ya kifo, hutumia watu 6.

Mambo haya yote yamezungushiwa ukuta wa Katiba. Marekebisho 10 ya kwanza yaliyothibitishwa mwaka wa 1791 yalitaja haki nyingi za mshtakiwa. Rekebisho la 6 lilimpa haki ya kuhukumiwa upesi na hadharani mbele ya juri isiyopendelea, kuelezwa mashtaka yake, kukabiliana na mashahidi wa upande wa pili, kuita mashahidi wake, na kuwa na wakili wa kumtetea. Lakini marekebisho hayo yaliandikwa ili kuizuia Serikali ya Shirikisho, na mwaka wa 1833 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitamka kuwa hayakuyafunga majimbo. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka wa 1868, lilikuja Rekebisho la 14, lililokataza jimbo lo lote kumnyima mtu uhai, uhuru au mali yake pasipo kufuata njia ya haki ya sheria. Je, njia hiyo ya haki ilikuwa na maana gani? Je, haki za mwaka wa 1791 ziliingia ndani yake? Swali hili liliwashughulisha majaji kwa karibu miaka mia moja.

Juu ya wakili jibu lilikuja vipande vipande. Mwaka wa 1931 vijana tisa weusi walishtakiwa katika mji wa Scottsboro, Alabama, kwa kuwanajisi wanawake wawili wa Kizungu ndani ya garimoshi. Walihukumiwa kwa haraka ya siku chache, huku watu wengi wenye hasira wakikusanyika nje, na wanane wao walipewa adhabu ya kifo bila ya kuwa na utetezi wa kweli. Mwaka wa 1932 Mahakama ya Juu ilizitangua hukumu hizo, lakini ilijifunga kwa mashauri ya kifo yenye hali kama ile. Mwaka wa 1938 mahakama hiyo ilisema kwamba katika mahakama za Shirikisho kila mshtakiwa wa jinai asiye na mali lazima apatiwe wakili. Kisha mwaka wa 1942, katika shauri la Betts, mfanyakazi wa shamba wa Maryland aliyeshtakiwa kwa unyang'anyi, majaji 6 dhidi ya 3 walikataa kuyalazimisha majimbo kufanya vivyo hivyo. Walisema kuwa jimbo litalazimika kutoa wakili pale tu palipo na hali ya pekee, kama vile mshtakiwa asiyejua kusoma, au mwenye upungufu wa akili, au shauri lililo gumu mno. Mmoja wa majaji watatu waliopinga alikuwa Hugo Black, naye ni mtu wa Alabama.

Hiyo ndiyo sheria iliyokuwapo tarehe 3 Juni 1961, siku ambayo jumba la mchezo wa biliadi la Bay Harbor, karibu na Panama City, Florida, lilivunjwa usiku. Fedha za sarafu zilitolewa katika mashine, na vinywaji vikachukuliwa. Shahidi mmoja alisema kuwa alimwona Gideon akitoka humo alfajiri. Gideon alikuwa na umri wa miaka 50. Masomo yake yalikuwa machache, na alikwisha kufungwa mara kadhaa kwa makosa mengine. Alishtakiwa kwa kuvunja na kuingia kwa nia ya kuiba.

Tarehe 4 Agosti 1961 alisimama mbele ya Hakimu Robert McCrary na kusema kwamba hakuwa tayari, kwa kuwa hakuwa na wakili, wala hakuwa na fedha za kumwajiri. Akaiomba mahakama impatie mmoja. Hakimu alimjibu kwa upole kuwa sheria ya Florida haikumruhusu kufanya hivyo ila katika mashauri ya kifo. Gideon akashikilia kwamba Mahakama ya Juu ya Marekani imempa haki hiyo. Kwa sheria ya siku ile Gideon alikosea na hakimu alisema sawa. Hapo ndipo ulipo uzito wa shauri hili: hapakuwa na hakimu mwovu wala polisi mkatili, bali sheria yenyewe ilitekelezwa kwa heshima na ikamwacha mtu peke yake.

Gideon alijitetea kadiri alivyoweza. Aliwauliza mashahidi maswali, akawaita wa kwake, akatamka kuwa hana hatia. Juri ikamwona ana hatia, naye akahukumiwa kifungo cha miaka 5. Akiwa gerezani aliiomba Mahakama ya Juu ya Florida amri ya kumfikisha mfungwa mahakamani ili uhalali wa kifungo chake upimwe, akakataliwa. Mwezi Januari 1962 ombi lake, lililoandikwa kwa penseli juu ya karatasi za gereza, lilifika Washington. Sheria iliruhusu maskini kupeleka maombi bila ya kulipa ada. Wala hakudai kuwa ana hali ya pekee kama ilivyotakiwa tangu shauri la Betts. Alidai jambo moja tu, kwamba alihukumiwa bila wakili.

Mahakama ya Juu hailazimiki kusikiliza kila rufani. Huchagua chache kati ya nyingi. Mwezi Juni 1962 ilikubali kulisikiliza ombi la Gideon, ikamteua Abe Fortas, wakili mashuhuri wa Washington, amtetee. Mwanasheria kijana wa Florida, Bruce Jacob, aliusimamia upande wa jimbo. Florida iliyaandikia majimbo mengine kuomba msaada, na matokeo yakawa kinyume cha matarajio: Alabama na North Carolina peke yake ndiyo yaliyoiunga mkono, na majimbo zaidi ya 20 yalisimama upande wa mfungwa. Hoja ya Fortas ilikuwa nyepesi kueleweka. Hata wakili mkubwa akishtakiwa humtafuta wakili mwingine. Basi mtu asiyejua sheria atawezaje kujitetea? Na kanuni ya hali ya pekee ilikuwa na kasoro ndani yake, kwa maana asiye na wakili hawezi kujua jinsi ya kuonyesha kuwa anamhitaji.

Tarehe 18 Machi 1963 majaji wote 9 waliamua kwa kauli moja kumpa Gideon ushindi, na hukumu iliandikwa na Hugo Black, ambaye miaka 21 nyuma alikuwa miongoni mwa wachache walioshindwa. Mahakama ilisema kuwa katika shauri zito la jinai wakili si anasa ila ni lazima, na ushahidi wa jambo hilo ni kwamba serikali huajiri mawakili ili washtaki, na wenye fedha huwaajiri ili wawatetee. Shauri la Betts likafutwa.

Hukumu hiyo haikumwachilia Gideon, bali ilimrudishia haki ya kuhukumiwa upya. Yeye mwenyewe alifikiri kwamba huko ni kushtakiwa mara mbili kwa kosa moja, jambo lililokatazwa na Katiba. Lakini kanuni hiyo haimkingi mtu ambaye hukumu yake imetanguliwa kwa rufani yake mwenyewe. Tarehe 5 Agosti 1963 alirudi mbele ya hakimu yule yule, katika mji ule ule, akashuhudiwa na shahidi mkuu yule yule. Kilichobadilika ni kuwa safari hii alikuwa na wakili wa mji huo, W. Fred Turner. Turner aliwachunguza mashahidi kabla ya siku ya shauri, na mahakamani akamhoji shahidi mkuu hata ushahidi wake ukatiliwa shaka. Dereva wa teksi aliyemchukua Gideon asubuhi ile alisema kuwa Gideon alimwomba asimwambie mtu. Neno hilo peke yake lilionekana kuwa la mtu mwenye hatia. Turner akamwuliza kama Gideon alipata kusema hivyo siku nyingine, na dereva akajibu kuwa ndivyo alivyozoea, kwa sababu ya ugomvi na mkewe. Baada ya muda wa kama saa moja juri ilirudi na kusema kwamba hana hatia.

Matokeo hayakuishia kwake. Mwaka huo huo wa 1963 Bunge la Florida lilianzisha ofisi za watetezi wa umma katika kila eneo la mahakama za jimbo, na wafungwa wengi waliohukumiwa bila wakili wakaachiliwa au wakahukumiwa upya. Mwaka wa 1966 Mahakama ya Juu iliagiza kuwa polisi, kabla ya kumhoji mtu aliye kizuizini, wamwarifu haki yake ya kunyamaza na ya kuwa na wakili. Mwaka wa 1967 haki ya wakili ilifikishwa kwa watoto, na hukumu hiyo iliandikwa na Abe Fortas, aliyekwisha kuwa jaji tangu 1965. Mwaka wa 1972 ilienezwa kwa makosa madogo yanayomtia mtu kifungoni. Gideon alifariki mwezi Januari wa mwaka huo.

Hata hivyo haki iliyoandikwa na haki inayopatikana si kitu kimoja. Majimbo yaliachiwa kila moja kugharimia utetezi kwa njia yake, na watetezi wa umma katika sehemu nyingi wana mashauri mengi kuliko wanavyoweza kuyatazama vema. Tena mashindano mbele ya juri, ambayo Gideon aliyapigania, yamekuwa machache. Mwaka wa 2012 Mahakama ya Juu yenyewe ilieleza kuwa kati ya hukumu za hatia, asilimia 97 katika mahakama za Shirikisho na asilimia 94 katika majimbo zilitokana na washtakiwa kukiri kosa, mara nyingi kwa mapatano ya kupunguziwa adhabu. Wakili wa leo basi humsaidia mteja wake zaidi katika kupatana kuliko katika kushindana, na asiye na muda wa kulichunguza shauri hawezi kumshauri mtu kama akubali au akatae.

Kwa wachunguzi wa lugha liko jambo la kuangaliwa. Neno haki katika Kiswahili limebeba maana mbili ambazo Kiingereza huzitenga kwa maneno mawili: stahili ya mtu, na uadilifu wa hukumu. Mfasiri wa vitabu vya sheria huona taabu kwa sababu hiyo, na mara nyingi hulazimika kuongeza maneno ili kuitenga maana moja na nyingine. Katika shauri la Gideon maana hizo mbili zilitengana mwaka wa 1961, pale hakimu alipofuata sheria na mtu akakosa uadilifu. Zikakutana mwaka wa 1963, pale mtu huyo alipopewa stahili yake na juri ikaweza kumsikiliza. Mnyonge yule hakupewa huruma, wala hakuiomba. Alipewa haki yake, kama methali ya pili inavyoamuru.