Mpiga Zumari wa Mrima na Watunzaji Wake

Kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, ukishapita magofu ya Kaole, ndipo ilipo Mlingotini, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani. Mwambao huu wa Mrima ulikuwa wa majumbe, yaani watawala wake, na siwa, baragumu kubwa, ilikuwa alama ya utukufu wao. Si harusi ya kila mtu iliyopulizwa siwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliyaandika mengi ya maisha hayo katika Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Ukikisoma unaona wazi kuwa ngoma haikuwa mchezo tu. Ilikuwa heshima, gharama na ushindani wa mtaa kwa mtaa.

Siwa yenyewe ni ya kale. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498 walizikuta mbili za pembe za ndovu, ndefu kama kimo cha mtu, zenye tundu la kupulizia ubavuni. Ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu zimehifadhiwa Kenya hadi leo. Lakini siwa hutangaza, haiimbi. Kwenye ngoma anayeimba ni zumari.

Zumari ni mti uliotobolewa, mwembamba juu, uliopanuka chini. Kichwani hukaa ulimi wa jani kavu, umekunjwa na kufungwa uzi, na mpigaji huulowesha kinywani kabla ya kuanza. Midomo hukibana kisahani kilicho chini ya ulimi, mashavu hujaa, naye huvuta hewa puani huku mashavu yakisukuma upepo, sauti isikatike. Hapo ndipo penye kazi. Wapiga ngoma huweza kupokezana, ila mpiga zumari mara nyingi ni mmoja, na wacheza kirumbizi, ngoma ya fimbo, hawapumziki kwa sababu yeye kachoka. Malipo yake ni patano la mwenye shughuli, juu yake tuzo: mtu anatoka kundini, anambandika noti kwenye paji la uso, na muziki unapanda. Mcheza kwao hutunzwa.

Ulaya nako kuna filimbi ya mti, rekoda, iliyopatwa na jambo ambalo zumari haijapatwa nalo: ilikufa. Katika karne ya 18 filimbi ya kulaza ubavu iliisukuma nje ya okestra. Arnold Dolmetsch, mzaliwa wa Ufaransa aliyehamia Uingereza, alinunua moja ya kale mwaka 1905. Mwaka 1919 mfuko uliokuwa nayo ukasahauliwa katika stesheni ya Waterloo, London. Vipimo vyake alikuwa navyo, akachonga mpya, rekoda ikafufuka. Baadaye Mholanzi Frans Brüggen aliishika rekoda akazunguka nayo dunia, watu wakakata tiketi kumsikiliza, na mwaka 1981 akaanzisha okestra yake ya muziki wa karne ya 18.

Mwaka huohuo wa 1981 kilianza Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho sasa ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Hapo Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alipiga ilimba na zeze kama mtu mwenye kazi ya kudumu, akafika hadi kurekodi na kampuni ya Real World ya Uingereza, na akafia Bagamoyo mwaka 2003. Serikali ilikuwa imechukua nafasi ya jumbe, na kwa maoni yangu ilimtunza vyema kuliko majumbe wengi. Zumari, mwenyeji wa pwani, haikupata Zawose wake. Ilibaki kwenye harusi na viwanja vya ngoma, Unguja, Pemba na kwa Wadigo wa Kwale, ambako ngoma yao ya sengenya haichezwi vizuri bila hiyo.

Harusini ndiko mashindano yalikoingia. Ngoma ya beni ilileta fahari ya tarumbeta na sare tangu miaka ya 1890. Mwishoni mwa karne ya 20 vijana wa muziki wa mchiriku Dar es Salaam wakachukua kinanda kidogo cha Casio, wakakiunganisha na spika, kikawa kinalia kwa ukali uleule wa zumari bila kuhitaji mashavu ya mtu. Mwenye harusi akapiga hesabu. Noti za tuzo hazikupungua. Zilihamia paji jingine.